Mlango wa Walioachana Njiani

Butihinda, 12 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Raissa,

Salamu kutoka kwetu Butihinda. Sisi hatujambo. Mume wangu Nazario kifua kimemwachia na ameanza tena kulima bondeni, ingawa bado nambishia kila akitaka kubeba mizigo. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Mama mdogo anaendeleaje na mguu? Mwambie binti wa dada yake anamkumbuka.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu imejaa. Haipokei tena hata ujumbe wa salamu. Imejazwa na sauti za wanawake wa Walioachana Njiani, kikundi tulichokianzisha mimi na jirani yangu Christina baada ya kurudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Ngara, ng'ambo ya mpaka. Wewe ulizaliwa na kukulia Gitega, kwa hiyo nikueleze. Kila mmoja wetu alipoteza mtu wakati wa kukimbia vita: mwengine mtoto, mwengine mume, mwengine mama. Tulianza wachache wa Butihinda. Sasa tuna wanawake wa Itaba, wa Giheta, wa Makamba, waliobaki Kigoma, na waliopelekwa Kanada. Mtu anaeleza alikoachana na ndugu yake, na mwengine anasema, mimi nilipita hapo, nilimwona. Tumeshawapata watu, Raissa. Watu hai.

Lakini kikundi cha simu kimetushinda. Sauti ya leo inazika ya jana, na mtu akibadilisha simu amepoteza kila kitu. Tunataka jukwaa letu kwenye mtandao, mahali pa wanachama tu. Wewe una ofisi yako ya kompyuta pale karibu na soko na umeshawatengenezea kurasa watu wa shule na wa kanisa. Tutafutie.

Liwe la sauti, maana wengi wetu hatuandiki. Lifunguke kwenye simu ndogo. Na mlango ufungwe. Hili la mlango nalisema kwa nguvu. Christina ametueleza jambo ambalo hajamwambia hata kaka yake, na hakutueleza ili lisikike sokoni.

Nampa barua hii shemeji yako Hussein, amekuja Muyinga kufuata maharage.

Dada yako,
Imelda

*

Gitega, 5 Machi 2024

Dada yangu Imelda,

Assalaam aleikum wewe na nyumba yako yote. Barua yako Hussein alinifikishia, ilikuwa inanuka maharage. Mi niko muzima, bwana yangu iko muzima, watoto wako kwenye masomo. Mama anasema mguu ingali inamuuma, lakini kinywa yake haina ugonjwa, anatugombeza tangu asubuhi. Wiki ijayo tunaingia Ramadhani na sukari haionekani kwenye maduka, sijui tutafuturu na nini.

Donc, jukwaa. Nilijaribu tatu. Ya kwanza iko muzuri sana lakini inaomba malipo kwa kila mwanachama kila mwezi, nikaiacha. Ya pili ni ya bure, mais inaleta matangazo: mtu anafungua sauti ya mama anayelilia mtoto wake, palepale wanamuuzia mafuta ya nywele. Nilikasirika mpaka nikafunga kompyuta. Ya tatu njo nimechagua, hata kama iko na malipo kidogo. Iko na sauti, iko na Kiswahili, inafunguka hata kwenye simu yangu ya zamani. Vraiment utaipenda. Nimeweka picha ya barabara ya vumbi na jina lenu juu.

Kuna bwana mmoja, Leonardi, iko na asosiyasiyo yake, chama ya kusaidia watu, kule Bujumbura. Alikuja kuchapisha karatasi kwangu, akaona ile kazi kwenye kompyuta, akasema atasaidia. Yeye njo atalipia.

Nimeshahamisha sauti zote kutoka kwa kikundi. Wambie wamama waingie tu. Usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Raissa

*

Butihinda, 27 Mei 2024

Raissa,

Hatujambo. Nazario anakusalimia. Nimemaliza salamu.

Nimekupigia simu wiki nzima na hupokei. Basi soma, na usome umekaa.

Niliuliza juu ya mlango, ukanijibu juu ya picha ya barabara. Nilipaswa kuliona hilo siku ileile. Sikuliona kwa sababu ni wewe.

Sasa nitakwambia jambo la Christina, kwa kuwa dunia nzima imeshalisikia na wewe peke yako unajifanya hujui. Wakati wa kukimbia Christina alikuwa na mtoto mchanga, anaharisha, anakufa mikononi. Upande wa Ngara mama mmoja Mwislamu, Bi Mwajuma, akamwambia niachie, nina maziwa. Christina akamwacha. Alipopata nafuu akatoka kambini kumfuata, akakuta nyumba imefungwa, wamehama. Maisha yote yaliyofuata aliishi na mlango ule. Mwaka jana mwanachama wetu mmoja akamkuta Bi Mwajuma Biharamulo. Mtoto yuko hai, anaitwa Layla, ameolewa, ana watoto, na hajui kwamba Bi Mwajuma hakumzaa. Wale mama wawili waliongea kwa simu, wakalia, wakaahidiana: tusimvunjie nyumba, tumwache. Christina alikuja kutueleza sisi kwa sababu mtu hawezi kubeba furaha ya namna hiyo peke yake.

Wiki iliyopita tulikuwa tunavuna maharage mimi na yeye, simu yake ikalia. Ni Bi Mwajuma. Anapiga kelele mpaka nasikia mimi niliyekuwa mbali.

"Christina, tuliahidiana nini?"

"Nimefanya nini, dada?"

"Binti amekuja ameweka simu mezani. Sauti yako ikaongea mwanzo mpaka mwisho, jina langu, jina lake, kijiji. Kisha akaniuliza, huyu mama ni nani, na mimi ni nani? Nimjibu nini?"

Christina alikaa chini palepale juu ya maganda. Simu ikakatika. Mpaka leo Bi Mwajuma hapokei.

Wifi yake Layla aliikuta sauti ile kwenye mtandao. Hakuwa mwanachama. Hakuombwa jina, hakuombwa neno la siri. Aliandika tu Biharamulo akaletewa. Nimejaribu mwenyewe kwa simu ya mwalimu wa hapa, mtu asiyetuhusu kabisa, na nimesikia sauti zetu zote, na yangu imo, ile niliyomtaja mama niliyempoteza njiani.

Uliweka nini pale, Raissa? Niambie ni jukwaa au ni soko?

Sitaki unipigie. Sitaki neno langu lipite tena kwenye chombo ulichokigusa. Andika.

Imelda

*

Gitega, 2 Julai 2024

Dada Imelda,

Salaam. Tuko wazima. Mama alianguka kwenye ngazi ya nyuma lakini hakuvunjika. Hii barua imechelewa juu mafuta imekosekana, Hussein alilala kwenye foleni ya stesheni na hakupata, hakuna gari inaenda Muyinga.

Niliposoma maneno yako nililia, halafu nikakasirika, na mi niko na haki ya kukasirika. Wiki tatu nilifanya kazi yenu usiku na mchana, wateja yangu nikawaambia ngojeni. Hakuna hata mama moja alisema asante. Sasa wananiita mwenye kuuza siri. Mwanamke wa Giheta alikuja mpaka kwa ofisi yangu akanitukana mbele ya watu, na jirani zangu wote wanasikia. Mi sikumzaa mtoto wa Christina, mi sikumwacha njiani.

Mambo ya mlango ni règlement, kanuni ya jukwaa. Kuna chumba cha wazi na kuna chumba cha kufunga, na kile cha kufunga iko na bei yake. En tout cas ni mambo ya tekniki, ni ndefu kueleza kwa karatasi. Nitaona cha kufanya.

Pole kwa Christina.

Raissa

*

Butihinda, 18 Julai 2024

Raissa,

Mama mdogo asitumie tena ile ngazi ya nyuma. Mwekeeni kiti uani.

Umeandika "mi sikumwacha njiani". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuona kama kuna namna nyengine ya kuielewa. Haipo. Bahati yako ni kwamba Christina haoni barua hizi. Mtu aliyekula na kushiba wakati wenzake wanakimbia hamuulizi aliyekimbia kwa nini alimwacha mtoto. Sikukulaza kichwa mapajani, likizo zile ulipokuja kwetu, ili uje kuandika hivi.

Christina hatoki nyumbani. Hatoki kwenda kisimani wala kanisani. Kaka yake, aliyesikia habari za mpwa wake kwa kijana muuza muda wa simu, amekuja kumfokea uani kwa nini alimficha. Kila siku kuna wanawake wanajitoa kikundini. Kazi yote ile, watu wote wale waliokuwa wanakaribia kupatikana.

Usinieleze tekniki. Nijibu jambo moja ambalo unalikwepa tangu Machi. Ni nani aliyeufungua mlango? Ni wewe au si wewe? Kama ni wewe, sema ni mimi. Kama si wewe, kwa nini unamfunika?

Imelda

*

Gitega, 30 Agosti 2024

Dada Imelda,

Salaam aleikum. Ile sentensi yangu, uiombee msamaha kwa Christina hata kama hajui. Niliandika na hasira.

Si mi nilifungua. Ni Leonardi. Mi nilifunga siku ya kwanza, wallahi. Lakini kwa kuwa yeye njo analipia, jukwaa iliandikwa kwa jina lake, yeye njo mukubwa, mi ni musaidizi tu. Mwezi wa nne aliingia akafungua, hakuniambia. Niliona haya kukwambia. Mi mwenye ofisi, mwenye kufundisha wengine kompyuta, nimewekea mutu nisiyemujua ufunguo ya nyumba yenu mukononi. Njo maana sikupokea simu yako.

Nilienda Bujumbura kumuona. Ofisi nzuri, viti vya ngozi, karani ananiuliza kama niko na rendez-vous, miadi ya kumuona. Nikasema niko nayo, nikaingia.

"Funga mlango wa wamama," nilimwambia.

Akatabasamu. "Raissa, wafadhili wanataka kuona watu wanaingia. Tukifunga, wataona nini? Ile sauti ya mama wa Butihinda imesikilizwa kuliko zote. Inagusa mioyo."

"Hiyo sauti iko na mwenyewe."

"Sasa ni ya projet, ya mradi wetu. Waliweka wenyewe."

"Waliweka kwa wenzao!"

"Buretse, ngoja kwanza, usipige kelele, kuna watu huku."

"Na kule je, hakuna watu?" nikasema. "Wewe unasema kelele yangu ni aibu juu inasikika kwa karani, na ya Christina inasikika mpaka Kanada ni ya kugusa mioyo?"

Alisimama akafungua mlango wa ofisi. Huo alijua kufungua pia.

Niliporudi nilitafuta njia. Kufunga haiwezekani, ni yeye peke yake. Kuondoa sauti moja-moja, ameninyima hiyo ruhusa. Lakini kuna kitu alisahau: siku ya kwanza tulitumia namba yangu ya simu kuthibitisha, na kwa hiyo namba mi naweza kufuta jukwaa yote. Yote, dada. Haitarudi. Naweza kunasa sauti chache kwanza na simu nyengine, si zote, juu akigundua ataibadilisha hiyo namba. Na wageni yake wa nje wanakuja mwezi ujao kuonyeshwa.

Siwezi kukata shauri hili peke yangu tena. Hussein analala Muyinga siku ya soko. Mupe jibu.

Raissa

*

Butihinda, siku ya soko, Septemba 2024

Raissa,

Hussein ananisubiri, sina salamu ndefu. Mama mdogo nimesikia ametembea mpaka kwa jirani, Mungu ashukuriwe.

Niliita wanawake wote walio karibu, na wa mbali Nazario akawapigia kwa simu yake. Nimewasomea barua yako neno kwa neno, na yale ya viti vya ngozi pia. Kuna waliolia. Wengine walitaka tupande gari twende Bujumbura tukakae kwenye viti hivyo mpaka atufukuze kwa polisi, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyanyuka. "Inagusa mioyo!" Ametusikiliza tunavyoliwa na uchungu akaona ni kitu cha kuonyesha wageni.

Walibishana sana. Mmoja wa Itaba alisema, mkifuta, kaka yangu akinitafuta kesho atanipata wapi? Kisha Christina akaingia. Hakuna aliyemtegemea. Alisimama mlangoni na kitenge kichwani, akasema, "Futeni. Anayetaka kusema tena atasema tena. Mimi nataka ninyamaze kwa hiari yangu." Akarudi kwake.

Futa. Ila nasa kwanza sauti ya Dorotea wa Itaba, yule mzee aliyekufa mwezi wa sita. Yeye hawezi kusema tena na watoto wake wameiomba. Nyengine usinase hata moja, hata kwa wema. Tumekwambia sisi wenyewe safari hii.

Na wewe ulimpigia kelele vizuri.

Dada yako,
Imelda

*

Gitega, 15 Oktoba 2024

Dada yangu,

Nimefuta. Sauti ya mzee Dorotea nimeipeleka Itaba mwenyewe na mukono yangu, binti yake akanilipa na papai. Leonardi alinipigia akinitukana, akasema nimemwaibisha mbele ya wageni, atanishitaki. Nikamwambia ashitaki, nitaleta mashahidi wamama kutoka inchi tatu. Hajapiga tena.

Sasa mahali pake ni peupe, imeandikwa tu kwamba hakuna kitu hapa. Niliangalia kwa muda mrefu, nikajisikia vibaya na vizuri pamoja.

Niambie mnataka kuhamia wapi. Nimeona jukwaa nyengine ndogo, iko na mlango wa kweli, na mara hii mwenye ufunguo atakuwa wewe na Christina. Lakini nangoja mniambie. Sichagui tena.

Mama anakusalimia sana.

Raissa

*

Butihinda, 24 Novemba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamenyanyuka, na yule mbuzi mweusi amekula kola ya shati la Nazario la kanisani, kwa hiyo nyumba hii ina kesi. Mwambie mama mdogo nitakuja Krismasi nikipata gari.

Layla alikuja.

Aliingia kwa mpaka wa Kobero, na mtoto mgongoni, akauliza njia mpaka kwangu, maana jina langu alilisikia kwenye zile sauti. Hakusema yeye ni nani. Sikuuliza. Ana paji la uso la Christina na namna yake ya kukunja midomo akiwa amechoka. Nilimkaribisha, nikatuma aitwe Christina, na wanawake wengine wakasikia wakaja. Ukumbi ukajaa. Nikadhani tutashuhudia kukumbatiana. Nilikuwa nimeshatoa kitambaa.

Christina alipoingia, Layla alimwangalia kwa muda, akamsalimia kwa heshima, shikamoo. Kisha akatugeukia sisi.

Nikaanza kumweleza: kwamba tulikosewa, kwamba mlango ulifunguliwa na mtu wa Bujumbura, kwamba tumeshafuta kila kitu. Aliniacha nimalize.

"Huyo wa Bujumbura simjui," akasema. "Amenikosea, sawa. Nyinyi je? Wa Makamba walijua. Wa Kigoma walijua. Kuna mama Kanada alijua nilizaliwa na nani, na mimi nilikuwa Biharamulo sijui. Wengine mliniombea kwa jina. Mlizungumza juu ya ndoa yangu, kama itavunjika au haitavunjika. Mnasema mlifunga mlango. Mlimfungia nani nje? Mimi?"

Mwanamke mmoja akasema, "Mwanangu, tulitaka kukulinda."

"Mlinilinda na jina langu?"

Miezi yote nimekuandikia kwa hasira, na ilikuwa hasira ya haki, sijutii hata mstari mmoja. Lakini hakuna hata mmoja wetu, katika kubishana kote juu ya jukwaa gani na mlango gani, aliyeuliza kama yule tunayemzungumzia anapaswa kuwemo ndani.

Tuliondoka, tukawaacha wawili na mtoto. Alikaa mpaka Jumapili. Mtoto alimzoea Christina kabla ya mama yake kumzoea. Alilala mgongoni kwake wakati anapalilia. Mambo mengine waliyosema sijui. Najua tu kwamba Bi Mwajuma sasa anapokea simu, na kwamba ni yeye peke yake Layla anayemwita mama. Christina, Layla anamwita dada, na Christina amelikubali hilo.

Kuhusu jukwaa: usitafute kwanza. Tumebaki na kikundi cha simu kwa salamu na misiba. Wanawake wameanza kubishana upya, mwenye haki ya kueleza ni nani, aliyepoteza au aliyepotea, na ubishi huu hauishi leo. Tukijua tunajenga nyumba ya nani, tutakuita utuchagulie ukuta.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka Kobero. Christina alijikaza njia nzima, kisha akashindwa, akamuuliza, "Utarudi?"

"Sijui," Layla akasema. "Lakini namba yangu unayo. Ukiwa na neno nami, piga wewe. Si kikundi."

Jumapili iliyopita baada ya misa nilimwona Christina nyuma ya migomba yake, simu sikioni, ameinama kama anayemsikiliza mtoto mdogo. Wanawake wote walikuwa wanapita njiani. Hakuna aliyesimama, na hakuna aliyeuliza.

Nisalimie nyumba yote,
Imelda